Alice, Molle na Mama Mkwe

Koti la pauni nane

Koti la kwanza liliingia nyumbani kwetu kwa pauni nane, mchana kweupe, kwa mlango wa mbele. Nalisema hili kwa sababu yaliyofuata yote yaliingia usiku kwa mlango wa nyuma, mengine yakiwa kwapani, mengine ndani ya gunia la viazi.

Ilikuwa Jumapili ya manyunyu hapa Leeds, kwenye gulio lile ambako Waingereza hufungua buti za magari uwanjani na kuuza vya stoo. Mimi ni mtoto wa Kariakoo. Nikiona lundo la mitumba, mikono huniwasha. Nikachambua, nikachambua, na chini kabisa nikakuta gwanda la mabakabaka: nyeusi, kahawia, kijani na rangi ya mchanga. Ndani ya kola kulikuwa na lebo yenye namba 170/96. Muuzaji, babu mmoja mwenye masharubu, akanieleza kwamba namba ya kwanza ni urefu wa mtu na ya pili ni kifua, zote kwa sentimita. Urefu nilikuwa nao. Kifua nacho niliwahi kuwa nacho, zamani.

"Hili si la kuvaa," nilimwambia Mama Watoto. "Ni la kuangalia."

"Koti la kuangalia," akasema. "Basi na bili ya gesi tuiangalie."

Mama Watoto ni Mnyamwezi wa Tabora na mimi ni Mzaramo, kwa hiyo ndoa yetu imejengwa juu ya utani ulioanza enzi za misafara. Siku ile hata hivyo hakutania. Alilishika koti kwa ncha za vidole kama anayeshika mkia wa panya. Kwetu raia havai gwanda. Akikutwa nalo na wenyewe, ataruka kichurachura mpaka asahau jina alilopewa na bibi yake. Agosti 2023 Jeshi la Wananchi liliwapa raia siku saba kusalimisha mavazi yote yanayofanana na sare zake, na Kenya na Uganda nako hakuna mchezo. Nikamwambia huku ni Uingereza, koti kuukuu la jeshi watu hulivaa wakienda kuvua samaki. Akasema hajaniona nikivua samaki.

Laiti ningeishia kwenye koti. Lakini mwenye kuokota kifungo hutafuta shati la kukishonea. Nikataka kujua kwa nini koti zuri namna ile linauzwa bei ya kuku wawili, na jibu likanimaliza. Mabaka yale Waingereza waliyavaa tangu miaka ya 1960 mwishoni. Mwaka 2010 jeshi lao likaanza kuyaacha na kuchukua mabaka mapya, basi ya zamani yakamwagwa sokoni kwa marobota. Nikaendelea kusoma. Nikajua kwamba Waitalia ndio waliotangulia kuchapa kitambaa cha mabaka kwa wingi kwa ajili ya jeshi, mwaka 1929, na kilikuwa cha mahema kabla ya kuwa cha nguo. Wajerumani wakafuata mwaka 1931 na turubai la pembetatu: likivuliwa ni hema, likivaliwa ni koti la mvua. Nikajua kuhusu Zaire ya Mobutu, ambako mabaka yalitengenezwa kama ngozi ya chui, mnyama wa kofia yake. Kisha kuna kile kituko cha Waingereza wenyewe, walioiuzia Iraq kitambaa cha jangwani cha rangi nne miaka ya 1980. Vilipofika vita vya Ghuba, ikawabidi wawavalishe askari wao kitambaa kingine cha rangi mbili, wasije wakafanana na adui waliyemvisha wenyewe.

Nilimsimulia Mama Watoto yote haya saa sita za usiku. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kama nimetoa takataka.

Mashati ya shule

Mwaka wa pili niliachana na makoti, nikaingia kwenye mikanda. Hapa ndipo wakusanyaji hutofautiana. Wa makoti wanapenda rangi. Sisi wa mikanda tunapenda mzigo: tunataka kujua askari alibeba nini, wapi mwilini, na kilimkata bega la upande gani. Mikanda ya jeshi huitwa kwa mwaka wake, kama mvinyo. Waingereza walipopigana na Makaburu kule Afrika Kusini, mikanda ya ngozi iliwatesa, ikinyeshewa inavutika, ikikauka inakakamaa. Ndipo ukaja mtindo wa 1908, uliofumwa kwa pamba nene. Ukafuata wa 1937, kisha wa 1958, ambao una nira ya mabegani, pochi mbili za risasi mbele, na nyuma mifuko miwili inayoitwa ya figo, kwa kuwa ndipo inapokaa.

Mtindo wa 1937 ulikuwa wangu wa moyoni. Ndio waliouvaa askari wa Keya, kikosi cha kikoloni cha Afrika Mashariki, walipopelekwa Burma mwaka 1944 kupigana na Wajapani, wazee wetu hao, kwenye matope na malaria. Nilipata seti yenye bizimu za shaba, na nyuma ya mkanda ulikuwepo ule mhuri wa mshale wenye mabawa mapana, alama ya mali ya serikali ya Uingereza.

"Mali ya serikali?" Mama Watoto aliuliza.

"Ndiyo. Mshale huu una historia ndefu."

"Basi irudishie."

Seti ilikuwa na harufu, mchanganyiko wa stoo, panya na kwapa la mtu aliyekufa. Wakusanyaji wana amri moja kubwa, usifue kitu cha asili. Mimi niliijua amri hiyo. Lakini Mama Watoto alikuwa zamu ya usiku kwenye nyumba ya wazee anakofanya kazi, mashine ya kufulia imekaa bure, na shetani naye hakuwa na kazi. Nikatia mikanda yote ndani, nikamwaga sabuni ya unga, nikabonyeza.

Nilichosahau ni Blanco. Askari wa zamani hawakuiacha mikanda yao na rangi ya kiwandani. Walichukua kipande cha rangi kigumu kama sabuni ya mche, wakakilowesha kwa brashi na kuipaka mikanda wiki baada ya wiki, ili gwaride zima liwe na rangi moja. Maarufu zaidi ilikuwa kijani-kaki namba 3. Mkanda wa 1937 uliotumika vizuri una matabaka ya Blanco kama ukuta wa nyumba ya kupanga. Yote yaliachia kwa pamoja. Kwenye kioo cha mlango maji yalionekana kama mlenda, na bizimu za shaba ziligonga ngoma ya mashine kama mwizi anayefungua geti. Saa tisa usiku nilikuwa nimepiga magoti jikoni nikifuta, nikajiridhisha kuwa kila kitu kimetoka.

Hakikutoka. Kilikuwa kimejificha kwenye ule mpira wa mlangoni. Asubuhi Mama Watoto alirudi amechoka, akatia humo mashati sita meupe ya shule, akaenda kulala. Yalipotoka yalikuwa na mabaka. Nasema kweli, yalipangika vizuri kabisa. Mtoto wetu wa kiume, wa miaka tisa, aliomba avae hivyohivyo. Dada yake alilia. Mama yao alishika shati moja mbele ya dirisha, akaligeuza, akaniuliza kwa sauti ya upole iliyonitisha kuliko kelele:

"Baba Watoto, hili nalo ni la mwaka gani?"

Alice ni nani?

Baada ya mashati ilitolewa sheria kwamba hakuna kipya kitakachoingia. Nikaikubali. Ndipo nilipojifunza kuongea na simu nikiwa chooni.

Nina rafiki, Mmombasa anayeishi Leicester, ana ugonjwa kama wangu ila wake ni wa vifaa vya Wamarekani. Yeye ndiye aliyeniambukiza majina haya mawili. Jeshi la Marekani lina tabia ya kubandika herufi za mwanzo na kuzisoma kama neno. Mwaka 1973 lilipitisha seti ya mikanda na begi lenye fremu ya aluminiamu, herufi zake zikatoa ALICE. Mwaka 1997 ikaja seti nyingine, yenye safu za ukanda mwembamba ulioshonwa ili kila askari apachike pochi anapotaka. Hiyo ikaitwa MOLLE, na wao huisoma kama jina la kike, Moli.

Sasa sikiliza kosa lilipokuwa. Begi ni la ngeli yake: begi limefika, mabegi yamefika. Lakini kitu kikishapewa jina la mtu, ulimi wa Mswahili hukipandisha cheo bila kukiomba ruhusa. Kwa hiyo maneno yaliyopenya mlango wa choo usiku ule, kama Mama Watoto alivyokuja kunisomea baadaye kutoka kichwani, yalikuwa haya:

"Alice amefika jana. Mkubwa, siyo yule wa kati... Wa sabini na tatu, lakini mgongo wake bado imara, huamini... Hapana, Mama Watoto hajui. Nimemficha nyuma ya boila... Moli anakuja Jumamosi. Huyo wa tisini na saba. Huyo, ndugu yangu, unamwongeza na kumpunguza utakavyo."

Mama Watoto hakugonga mlango. Mnyamwezi hana haraka, hupima mzigo kwanza. Alipiga hesabu ya umri wa Alice, akapiga ya Moli, akampigia simu dada yake Tabora. Dada akamwambia mama. Kwa siku kumi nilikula wali mkavu bila kuuliza, nikidhani ni mambo ya bajeti.

Siku ya kumi na moja alisimama mbele ya televisheni.

"Alice ni nani?"

Nilicheka. Lilikuwa kosa la pili. Kisha nikamshika mkono, nikampeleka kwenye boila, nikamtoa Alice: kijani kibichi kilichopauka, mifuko mitatu mikubwa mbele, fremu mgongoni, na harufu ileile ya stoo. Mama Watoto alimtazama kwa muda mrefu. Akakaa chini, juu ya kapu la nguo chafu.

"Afadhali angekuwa mwanamke," akasema. "Mwanamke angetaka chumba kimoja."

Tungeyamaliza hapo, ila Tabora walishachukua hatua. Mama mkwe alikuwa ameuza ng'ombe, pasipoti imetoka, viza imelipiwa. Anakuja kuzungumza na mkwe wake kuhusu hao wanawake wawili.

Mguu kutoka juu

Chumba cha wageni ndicho kilichokuwa makumbusho yangu. Nilipewa siku nne za kukihamisha, na sehemu pekee iliyobaki ilikuwa darini, kwenye ile nafasi ya giza kati ya dari na vigae. Nilipandisha maboksi kumi na manne. Nira, pochi, mifuko ya figo, makoti, na Alice na Moli wakiwa wamelala bega kwa bega. Nyumba za huku dari zake ni mbao za jipsamu zilizopigiliwa chini ya boriti nyembamba. Ukitembea juu yake unakanyaga boriti tu. Baina ya boriti na boriti hakuna kitu, ni jipsamu na imani.

Mama mkwe akafika. Ni mwanamke mrefu, mwembamba, wa miaka sabini, anayetembea kama bado ana ndoo kichwani. Sanduku lake lilikuwa na kilo 23 kamili, asali ya Tabora na karanga. Siku mbili za kwanza hakugusia jambo. Aliniita "baba", akala, akauliza baridi itaisha lini. Nilikuwa naongea naye nikitazama zulia, kama inavyopasa.

Usiku wa tatu ilinyesha mvua ya kupiga vigae. Saa kumi na moja alfajiri nikaamka nikiwaza unyevu. Pamba ya mikanda ya zamani ikipata maji hunywa kama sponji, na baada ya hapo ni ukungu. Kulikuwa na baridi, nikavaa suruali ya kwanza iliyokuja mkononi, na ilikuwa ya mabaka. Nikapanda ngazi na tochi mdomoni. Boriti ya kwanza, sawa. Ya pili, sawa. Ya tatu lilikuwepo boksi, nikaliruka.

Mguu wa kulia ulipita dari mpaka kwenye nyonga.

Chini yangu alikuwa amelala mtu aliyezaa mtoto wake wa kwanza wakati wa vita vya Kagera. Anafumbua macho gizani, vumbi jeupe linamwagika, na kutoka juu unashuka mguu wa mwanajeshi. Nilisikia neno moja tu, "Nduli!", kama walivyomwita adui wa vita vile. Likafuata kofi la kandambili kwenye ugoko, la pili, la tatu. Alikuwa na shabaha. Kisha kukawa kimya, na taa ikawashwa. Nadhani ndipo alipoiona soksi yangu yenye tundu kisiginoni, maana jana yake alikuwa ameomba sindano aishone.

Heshima ni heshima. Mkubwa ukikutana naye asubuhi unamwamkia.

"Shikamoo, mama," nikasema kwa kupitia tunduni.

"Marahaba, baba," akajibu. "Umeamkaje huko juu?"

"Salama, mama."

"Mimi pia salama. Teremka."

Sikuweza kuteremka wala kupanda. Nimewahi kuwaamkia wakubwa kwa kupiga goti. Kwa kuning'inia ilikuwa mara ya kwanza. Mama Watoto na watoto walinivuta kwa mabega, na tulipokuwa tunahangaika, Alice akateleza. Alipita kwenye tundu na kulipanua, akachukua ubao mzima wa jipsamu na kutua juu ya mto wa kulalia, mahali ambapo dakika moja kabla kilikuwepo kichwa cha mama mkwe. Fremu haikupinda hata kidogo. Niliona fahari, na nilijua sipaswi kuionyesha.

Mtindo wa 1916

"Huyu ndiye Alice?" mama mkwe aliuliza, akiwa amesimama pembeni na shuka begani, nywele nyeupe za umri na nyeupe za jipsamu.

"Ndiye, mama."

Akainama, akapitisha mikono kwenye mikanda, akamvaa. Akamrusharusha mgongoni kama apimavyo gunia mtu aliyezoea magunia. Kisha akataka kuona vingine. Tukaketi kwenye vifusi, naye akavipokea kimoja kimoja, akivuta nyuzi, akinusa. Nira ya 1958 aliishika kwa muda.

"Hii ni ya ng'ombe."

"Jina ni hilohilo, mama. Inagawanya uzito mabegani."

"Na huyu wa risasi alibebewa chakula na nani?"

Sikuwa na jibu la haraka. Akalitoa yeye. Babu yake alichukuliwa ukoo mzima ukitazama, wakati wa ile vita ya kwanza ya Wajerumani na Waingereza. Barabara hazikuwepo, punda na ng'ombe waliuawa na mbung'o, basi kila risasi na kila kibaba cha unga vilipita kichwani mwa mtu. Pande zote zilichukua wapagazi, na mzigo mzito, kama kawaida, akapewa Mnyamwezi. Walikwenda mamia ya maelfu, wakafa makumi ya maelfu, kwa kuhara, homa na njaa zaidi kuliko kwa risasi. Babu alirudi. Kilichorudi naye ni upara wa duara utosini, mahali pa mzigo, ambao watoto waliruhusiwa kuugusa siku za sikukuu.

"Wewe baba umezaliwa wapi?" akauliza, kana kwamba hajui.

"Kariakoo, mama."

"Kariakoo maana yake nini?"

Najua maana yake. Kila mtoto wa pale huambiwa shuleni: ni Kiingereza cha kikosi cha wapagazi kilichosagwa na ndimi zetu, kwa kuwa Waingereza walipoitwaa Dar es Salaam mwaka 1916 waliwaweka pale wabeba mizigo wao. Nairobi nako wana Kariokor yao. Nimelala na kuamka juu ya jina hilo miaka ishirini na mbili. Nina mikanda ya Waingereza, Wamarekani na Wajerumani, nina maboksi kumi na manne ya vitu vya kubebea mzigo, na sikuwa na hata kimoja cha mpagazi.

"Alipewa nini cha kubebea?" nikauliza.

Mama mkwe akavua khanga aliyojifunga kiunoni. Akaisokota, akaizungusha mara mbili, akaichomeka ncha yake. Ngata. Akaiweka juu ya godoro lililojaa jipsamu.

"Hiyo. Tena ya majani."

Kisha akasimama, akajikung'uta, na utani ukamrudia wote kwa pamoja. Mbao mpya za jipsamu zinauzwa wapi? Duka liko umbali gani? Kuna gari? Hakuna, liko kwa fundi. Vizuri sana. Wanyamwezi wamebeba vya kutosha, frasila mbili mbili, kilo thelathini na kitu, kutoka Tabora mpaka pwani, kwa wajomba zangu Wazaramo waliokaa kivulini wakipokea. Mimi sanduku lake la kilo 23 lenye magurudumu nimelivuta nikihema. Leo mzigo mzito apewe Mzaramo.

Nikabeba. Mbao nne, safari mbili, juu ya ngata ya khanga, katikati ya Leeds, huku basi la abiria likipunguza mwendo ili waone vizuri. Nataka kusema kwa faida ya wakusanyaji wenzangu kwamba ngata inafanya kazi. Mabega hayakuuma. Shingo ndiyo ilikaa siku tano bila kugeuka kushoto.

Maboksi kumi tumeyauza, ndiyo yaliyolipa dari na fundi wake. Alice amebaki, kwa ombi la Mama Watoto, anayempeleka sokoni kununulia mchele. Mama mkwe aliondoka mwezi wa sita. Uwanja wa ndege alilifungua sanduku lake mbele yangu, akalipekua mpaka chini kuhakikisha sijamchomekea kipande cha mabaka cha kumfikisha mahakamani Dar, ndipo akaniaga. Ngata aliiacha.

Imetundikwa msumarini, kati ya nira ya 1958 na mkanda wa 1937 uliopauka. Kila kitu pale kina kikadi nilichoandika kwa mkono: mtindo, mwaka, kitambaa. Cha ngata nilikuwa nimekiacha wazi, sikujua niandike nini. Juzi nimekuta binti yangu amekijaza kwa kalamu ya kijani:

"Mtindo wa 1916. Ifuliwe peke yake."